Glavu za Umeme Zinunue Mwisho

Wazee shikamooni, na vijana habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie glavu za umeme, zile zinazopasha mikono joto, maana baridi imeshaingia na wengi wenu humu mnapeleka oda za chakula usiku, hapa London, kwa skuta za 125. Nitazizungumzia. Ila nianze kwa kuwaudhi kidogo: glavu ndizo za kununuliwa mwisho.

Mwili ni bahili. Kifua kikianza kupoa, unabana mishipa ya damu ya mikononi na miguuni ili joto libaki kwenye moyo na mapafu. Vidole havina joto lao vyenyewe, vinaletewa na damu. Ngozi ya vidole ikishuka chini ya nyuzi 15 hivi, wepesi unaondoka: akili imeshaamua kufunga breki, mkono bado unajikongoja. Sasa mtu anavaa glavu za pauni 150, kifuani ana sweta na kijaketi chepesi. Betri inahangaika kupasha mkono ambao damu imeukimbia. Mpe mtu huyohuyo kizibao cha umeme ndani ya koti lisilopitisha upepo, glavu zibaki zile za kawaida, uone kama hatakwambia vidole vimefufuka.

Halafu upepo. Usiku wa Januari hapa, nyuzi 3 ni jambo la kawaida. Ukitembea kilomita 50 kwa saa, kwa kanuni wanayoitumia Marekani na Kanada tangu mwaka 2001, ngozi iliyo wazi inahisi kama nyuzi 4 chini ya sifuri. Shikeni hapo: ngozi iliyo wazi. Upepo ukizibwa, hesabu hiyo imekufa. Aliyepanda bodaboda Limuru au Makete mwezi wa saba anajua dereva anavyovaa koti kinyumenyume, mgongo mbele, zipu nyuma. Yule hakusubiri mhadhara.

Kwa hiyo kabla ya glavu, funga mifuko ya usukani, ile mikubwa unayotumbukiza mikono pamoja na breki. Pili, mishikio ya umeme, yaani ile ya usukani inayopata moto. Mishikio peke yake inapasha kiganja huku upepo unakula vifundo vya vidole. Ikiwa ndani ya mfuko, mkono wote unapata joto. Na kwa kazi yenu kuna jambo la ziada: kila oda unavua glavu uguse simu, ubonyeze kengele, uvae tena. Glavu nene ya umeme ikishalowa ndani inageuka vita kuivaa. Ndani ya mfuko unavaa glavu nyembamba, na mambo yanakwenda. Angalizo moja tu: mfuko laini usio na ubavu mgumu, ukienda kasi, upepo unaweza kuusukuma ukaegemea mkono wa breki. Ukinunua, ushindilie kwa kiganja kutoka mbele. Mfuko ukigusa breki, urudishe dukani.

Bado unataka glavu? Sawa. Za betri kwanza. Tangazo linasema saa 6. Geuza betri usome: volti 7.4, milliampea-saa 2,200. Zidisha, ugawe kwa 1,000, unapata kama wati-saa 16. Glavu moja ikila wati 8 kwenye moto wa juu, hizo ni saa 2, na baridi yenyewe inapunguza nguvu ya betri. Saa 6 za tangazo ni za moto wa chini kabisa. Kwa anayekwenda kazini na kurudi, zinatosha. Kwa zamu ya usiku, beba betri za akiba au usahau.

Za volti 12 zinachota umeme wa pikipiki yenyewe, hazikuachi njiani, lakini pikipiki nayo ina mipaka. Jozi ya glavu inakula wati 25 hivi, kizibao 50 au zaidi, koti zima la mikono linaweza kukaribia 90. Pikipiki kubwa za safari haziyahisi hayo. Skuta ndogo yenye taa zake, mishikio ya umeme na chaja ya simu inayahisi sana, hasa kwenye foleni injini ikiwa inanguruma polepole. Wenye skuta za Honda PCX wanielewe vizuri hapa: ile swichi inayozima injini kwenye taa nyekundu, izimeni. Injini ikilala, koti linakunywa betri. Na waya utoke moja kwa moja kwenye betri ukiwa na fyuzi yake, usichomekwe kwenye waya wa taa.

Marubani na wapiga bunduki wa ndege za Marekani, waliokuwa wakiruka kutoka mashariki mwa nchi hii katika Vita Kuu ya Pili, walivaa suti za umeme kwa sababu huko juu baridi ilifika nyuzi 40 chini ya sifuri. Suti za mwanzo ziliungwa kwa mfululizo: waya mmoja ukikatika, suti nzima inapoa. Leo glavu nyingi za volti 12 zinapata umeme kupitia mkono wa koti, kwa hiyo waya wa koti ukikatika, glavu nazo zinaweza kupoa. Kabla hujalipa, uliza kama zinaweza pia kuungwa bila koti.

Ndani ya glavu tafuta lebo ya EN 13594. Hicho ndicho kiwango cha Ulaya cha glavu za pikipiki, na herufi KP zinaonyesha kinga ya vifundo imepimwa. Nyingi za bei rahisi mtandaoni ni za kuteleza kwenye theluji. Zina joto, sikatai, lakini ukianguka lami itazichana.

Mwisho, wenye kisukari au ganzi mikononi: msitumie moto wa juu. Nyuzi 44 zikikaa kwenye ngozi kwa saa kadhaa zinaunguza, na wewe husikii. Vaa glavu nyembamba ya pamba ndani, simama mara kwa mara utazame ngozi.

Nimekuja na mita ya umeme. Wenye skuta hapo nje, twendeni tukapime betri zenu injini ikiwa inanguruma, maswali tutaulizana hukohuko.