Machicha: Kinachobaki Pombe Ikishatoka

Wazee wangu, akina mama, vijana, hamjambo. Nilipoingia nimeona pikapu imesimama langoni, machicha yanachuruzika mpaka barabarani. Naomba nianze na yale maji, maana mmeyalipia.

Machicha mabichi ya kiwandani ni maji zaidi ya robo tatu. Ukinunua tani moja, chakula chenyewe ni kilo 200 mpaka 250. Basi ukitajiwa bei, usiiweke kando ya bei ya chakula cha gunia ukasema ni rahisi. Izidishe mara nne au tano kwanza, uongeze nauli ya kutoka kiwanda cha bia cha Ruaraka, Nairobi, ndipo ulinganishe. Anayeishi mbali na kiwanda anasafirisha maji.

Lakini chakula kilichomo ni kizuri, sitaki mtu atoke hapa akidhani nimekuja kukiponda. Mpika bia anatafuta wanga tu. Protini na nyuzi anatuachia sisi. Kwa machicha ya shayiri, yakishakauka, protini ni karibu asilimia 25. Anayekeneka pombe kali kwa mahindi huacha hata zaidi: theluthi mbili hivi ya punje ni wanga, nao ukishaondoka, kila kilichobaki kimejikusanya mara tatu. Mahindi ya protini asilimia 9 yanatoka na karibu 30.

Nimesema kila kilichobaki. Sumukuvu nayo imo. Kama mahindi yaliingia pipani na kuvu, sumu yake iitwayo aflatoksini haigeuki pombe wala haipandi na mvuke. Inabaki kwenye machicha, mara tatu ya ilivyokuwa. Ng'ombe akila leo, kesho sehemu ya sumu hiyo imo kwenye maziwa, na kuyachemsha hakuiondoi. Mnakumbuka Ukambani mwaka 2004: watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumu hii, 125 wakafa. Kwenye maziwa kipimo ni kidogo sana kuliko kile, lakini anayeyanywa kila asubuhi ni mtoto.

Hata machicha yaliyotoka kiwandani yakiwa safi, kuvu huota kwako nyumbani. Kwenye joto, siku mbili tatu zinatosha. Mama yangu aliyaacha wazi kwenye pipa la chuma nyuma ya zizi. Juu palikuwa na utando wa kijivu, akaukwangua, akalisha ya chini. Ng'ombe aliacha kucheua, akaharisha wiki nzima. Siku hizo sikujua kwamba kuvu unayoiona juu imeshatuma nyuzi zake chini. Ukiyaona hivyo, mwaga yote, na usimpe nguruwe wala kuku.

Ukitaka yakae, yashindilie kwenye pipa la plastiki tabaka kwa tabaka, ukanyage kwa miguu mpaka hewa itoke, ufunike nailoni na uweke mawe juu. Changanya na pumba kavu zinywe maji yake. Ukishafungua, lisha kila siku, usiruke.

Kuna aliyeniuliza kama maziwa ya ng'ombe wa machicha ni mabaya. New York ya miaka ya 1850 walifunga ng'ombe kwenye mabanda ya giza kando ya viwanda vya pombe kali, wakawalisha machicha ya moto, karibu hakuna kingine. Mikia ilioza, maziwa yakawa ya rangi ya samawati, wauzaji wakatia chokaa yaonekane meupe. Gazeti la Frank Leslie lilianika uovu huo mwaka 1858, na sheria ya jimbo ikaja 1862. Pale machicha yaligeuzwa kuwa malisho pekee, na mnyama hakuwa na nyasi ya kucheua.

Kwa hiyo nyasi ya nepia iwe mbele. Machicha mabichi yasizidi kilo 10 mpaka 15 kwa siku kwa ng'ombe mkubwa, ukianza na kilo mbili tatu na kupanda polepole. Yana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, kwa hiyo chumvi ya madini yenye kalsiamu isikosekane. Na masalia ya kangara, ile pombe ya kienyeji, yaliyochachukia kwenye mapipa yaliyowahi kubeba mafuta au dawa, tafadhali, msilete zizini hata yakiwa ya bure.

Sasa tutoke nje. Nimekuja na mapipa mawili, la juzi na la wiki mbili lililofungwa vizuri. Kila mmoja atie mkono, afinye, anuse, kisha aniambie lipi angempa ng'ombe wake.