Nyundo Haipimi Kemia

Mkiniona na kokoto mkononi mnajua wimbo unaofuata. Fundi wa Dodoma akitaka kujua kama kokoto inafaa, anaigonga kwa nyundo. Ikilia kama chuma, imefaulu. Haya, nyundo imepima ugumu. Lakini kokoto ya itale, yaani granaiti, inaweza kulia vizuri huku kwatzi yake, yale madini yanayong'aa kama kioo, imebanwa na kupindwa tangu enzi za kuumbika milima, na kwatzi ya namna hiyo humomonyolewa polepole na alkali, yaani chumvichumvi za sodiamu na potasiamu zilizomo kwenye saruji. Kinachozaliwa ni uteute unaofyonza maji, ukavimba, ukaipasua zege kutoka ndani. Nyufa zinatapakaa kama ramani, tena baada ya miaka, mkandarasi ameshalipwa. Mhandisi Thomas Stanton aliueleza ugonjwa huu California mwaka 1940. Sisi bado tunagonga.

Hapo lazima mtu aseme: "Mwalimu, si tuongeze saruji?" Lo! Na hiyo alkali inatoka wapi? Pigeni hesabu. Saruji yenye alkali asilimia 0.8, mifuko 7 kwa mita moja ya ujazo, ni kilo 350; alkali kilo 2.8. Weka mifuko 9, alkali inafika kilo 3.6. Kwa kokoto yenye shaka, kikomo kinachotumika sana ni kilo 3. Umelipia mifuko miwili ya kuvimbisha! Tafuta saruji yenye alkali chini ya asilimia 0.6, au iliyochanganywa na pozolana, yale majivu ya volkano kama ya Mbeya.

"Lakini Dodoma kukavu." Ukuta wa sebule, nakubali. Tangi je? Msingi? Karo? Zege nene hubaki na unyevu tumboni, na hewa ya kwenye vitundu vyake ikiwa na unyevu wa asilimia 80 inatosha.

Kipimo kipo: vipande vya mota, yaani saruji na kokoto iliyosagwa, vikae siku 14 ndani ya maji ya sodiamu haidroksaidi, ile alkali kali, nyuzi 80. Vikirefuka chini ya asilimia 0.10, kwa kawaida endelea. Vikizidi 0.20, hama machimbo au tumia pozolana. Katikati ya hapo, fanya kipimo kingine, cha vipande vya zege, kinachochukua mwaka mzima, usibahatishe.

Mengine haraka. Mchanga wa korongo lenye magadi na chumvi: chumvi inakula nondo. Jasi, na Itigi wanaichimba, ikiingia kwenye kokoto inavimbisha saruji. Kokoto ya juu ya mwamba, feldispa (madini mengine ya itale) imeoza kuwa udongo: ikikwaruzika kwa ukucha, irudishe.

Muda umekwisha, na mchanga wenye mabaki ya mimea sijaugusa. Utie kwenye chupa ya kioo yenye maji ya sodiamu haidroksaidi asilimia 3, saa 24. Maji yakiwa meusi kama chai ya rangi, mchanga huo usiutie kwenye zege.