Vyuma havikakamazi mwili: njoo na madumu mawili

Asalaam aleikum. Niko barazani kwetu Jang'ombe, Unguja, jua bado halijawaka. Nina madumu mawili ya lita 5, ya mama, nimeyajaza maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo kila mkono unabeba kilo 5. Yaoshe vizuri kwanza, maana mafuta yakibaki mkononi mwa dumu linateleza. Moja liliniponyoka likanipiga kidole gumba cha mguu, ukucha mpaka leo mweusi.

Watu husema ukibeba vyuma unakakamaa. Mimi yalinikuta. Jimu nilikuwa napiga skwati nzito, lakini nusu: nashuka kidogo, napanda, najisifu. Ikafika siku siwezi kuchuchumaa bombani nikatawadha bila visigino kunyanyuka. Na mama yangu, anayekalia mbuzi kukuna nazi, anainuka bila kushika ukuta! Kumbe kosa halikuwa la chuma. Mwili huzoea pale unapoufikisha, na mimi chini nilikuwa siufikishi.

Haya, anza kwa kujipima. Simama ukingoni mwa baraza, magoti yamenyooka, inama taratibu. Angalia vidole vya mikono vimefika wapi. Mimi leo vimepita ukingo kidogo. Weka alama kwa chaki.

Sasa pasha mwili: tembea, rusha miguu mbele na nyuma, dakika 5 zinatosha. Usikae umejinyoosha kwa muda mrefu sasa hivi. Msuli mmoja ukiuvuta zaidi ya dakika nzima kabla ya kubeba, nguvu zake hupungua kwa muda. Hiyo tuiweke mwisho.

Chukua madumu. Hili ndilo zoezi lenyewe, nitazameni kwa ubavuni. Magoti yamelegea kidogo, mgongo umenyooka. Sukuma makalio nyuma, kama mtu anayefunga mlango huku mikono yote imejaa. Madumu yanashuka yakigusa mapaja, halafu magoti. Hesabu: moja, mbili, tatu, nne. Hapo nyuma ya paja panavuta, umeona? Tulia kidogo, kisha panda. Mgongo ukianza kupinda kama kamba, umeshapita mpaka wako; rudi juu. Piga 8, pumzika, mizunguko 3.

Msishuke haraka. Kule kushuka ndiko kwenye faida, kwa sababu msuli unarefuka huku umebeba mzigo. Ukiuzoesha hivyo wiki kwa wiki, nyuzi zake zenyewe hurefuka, na unapata nguvu kule mwisho, pale ambapo zamani ulikuwa unatetemeka. Mwaka 2021 wataalamu walikusanya tafiti 11 zilizolinganisha mazoezi ya nguvu na kujinyoosha. Kwa upande wa kunyumbuka, hawakuona tofauti ya maana. Watazame vijana wa makachu, wale wanaojirusha baharini pale Forodhani: kujikunja vile hewani kunataka tumbo lenye nguvu, ulaini peke yake hautoshi.

La pili, dumu moja tu, likumbatie kifuani. Chuchumaa mpaka chini kabisa. Visigino vikinyanyuka, weka kipande cha ubao chini yake, si aibu. Kaa chini sekunde 3, viwiko vikisukuma magoti nje. Piga 8 mara 3.

La tatu ni pushapu juu ya matofali mawili, kila mkono tofali lake, ili kifua kizame chini ya viganja. Piga unazoweza.

Msuli ukivuta, endelea. Goti au kiuno kikichoma, acha.

Sasa ndiyo jinyoosheni: sekunde 30 kila mguu, mara 2. Fanyeni mara 3 kwa wiki, mkiruka siku moja katikati. Dumu likiwa jepesi, tieni mchanga badala ya maji. Baada ya wiki 8 rudini kwenye ile chaki.

Mimi naishia hapa, mama ananiita, anataka madumu yake.