Unatoka wapi, nawe unakwenda wapi?

(Mhadhara uliotolewa kwa wazee wa kanisa na vijana katika ukumbi wa usharika, Moshi)

Bwana Yesu asifiwe. Shikamooni wazee. Na ndugu zetu Wakatoliki mliovuka barabara kuja kutusikiliza, Tumsifu Yesu Kristo.

Vijana walinipa mada kwenye kikaratasi: "Mkristo na utoaji mimba." Dakika arobaini, na chai naona imeshaanza kunukia. Mimi si mchungaji. Nimekuwa mkunga miaka thelathini na moja, na mzee wa kanisa miaka kumi na minne. Kazi hizo mbili zilikuwa zikikutana ndani yangu usiku wa zamu, na mara nyingi sikupenda zinavyosalimiana.

Tuanze na imani, maana hapo kanisa halikuanza kwa kubabaika. Didake, kitabu kidogo cha mafundisho ambacho wengi hukiweka mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili, kinakataza kutoa mimba na kinakataza kuua kichanga, vyote kwa pumzi moja. Kumbukeni waliandika wakati gani: katika dola ya Kirumi baba alikuwa na uwezo wa kuamua mtoto aliyezaliwa nyumbani mwake alelewe au akatupwe nje. Wakristo walikataa desturi hiyo, wakajulikana kwa kukataa. Tertullian wa Carthage, Mwafrika wa kaskazini, aliandika mnamo mwaka 197 kwamba atakayekuwa mtu ni mtu tayari. Nyuma yao ipo Zaburi ya 139: "Uliniunga tumboni mwa mama yangu." Nalipenda hilo neno, kuunga. Ni neno la fundi mwenye kazi mkononi, ambaye hajamaliza na hataki kusumbuliwa.

Lakini vijana, mkiambiwa kwamba Wakristo wa zamani walikuwa na jibu moja lililonyooka kwa kila swali, msikubali haraka. Someni Kutoka 21, pale wanaume wanapopigana wakamgonga mwanamke mjamzito. Mimba ikitoka na madhara mengine yasiwepo, ni faini. Yakiwepo, ni uhai kwa uhai. Wayahudi waliotafsiri Maandiko kwa Kigiriki walilisoma hivi: je, kilichotoka kimeshapata umbo au bado? Mjadala wa karne nyingi ukazaliwa hapo. Augustino, askofu wa kale wa Afrika ya kaskazini, alikiri kwamba hajui ni lini hasa mtu anaanza kuishi tumboni. Tomaso wa Akwino, mwanateolojia mkuu wa karne ya 13, akifuata elimu ya Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, alifundisha kwamba roho ya kibinadamu huingia baadaye: mtoto wa kiume siku 40, wa kike karibu 90. (Akina mama mnacheka. Mimi nimezalisha wa aina zote mbili, sikuwahi kuona wa kike amechelewa kupata roho. Kuwahi kulia ndiyo, hilo wanawashinda kaka zao.) Mwaka 1869 Papa Pius wa Tisa ndiye aliyeiondoa tofauti hiyo kwenye adhabu za kanisa lake. Nawaambia haya ili mjue walibishana juu ya nini. Walibishana juu ya uzito wa kosa. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyesema si kitu.

Nami nasimama nao. Kilichomo tumboni ni cha Mungu. Sijawahi kutoa mimba ya mtu kwa kuombwa, na niliombwa, tena na watu wenye bahasha.

Ila pale uhai wa mama unapokuwa hatarini, naomba tusijifanye wacha Mungu kuliko Mungu. Mimba iliyotunga kwenye mrija wa uzazi, nje ya kizazi, haina mahali pa kukulia. Ukisubiri mrija upasuke, unampoteza mama, na mtoto hukumpata. Sheria yetu inalijua hilo: kifungu cha 230 cha Kanuni ya Adhabu kinamlinda anayefanya upasuaji kwa nia njema na kwa uangalifu ili kuokoa uhai wa mama. Hata mafundisho ya Kikatoliki, ambayo ni makali kuliko yetu, yanaruhusu kuondoa mrija wenye madhara ingawa mtoto hataishi, kwa kuwa kifo chake sicho kilichokusudiwa.

Nje ya hapo sheria ni kali. Anayemtoa mwenzake mimba, kifungo hadi miaka 14. Mwanamke anayejitoa mwenyewe, hadi miaka 7. Hata hivyo watafiti walikadiria kuwa katika mwaka 2013 peke yake mimba zipatazo 405,000 zilitolewa Tanzania. Wasichana wa nchi hii wanajua kuna jela, na bado wanakwenda. Kuna kitu wanakiogopa kuliko jela.

Niliwahi kuambiwa ni kitu gani. Ilikuwa usiku wa mvua za masika, akaletwa binti kwa bodaboda, kanga imelowa damu, amekunywa kitu asichokijua jina. Nilipokuwa namtafutia mshipa alinitazama usoni, akanijua. Hakuuliza kama atapona. Alisema, "Mama, usiwaambie wazee."

Wazee ni mimi.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, baraza letu lilimtenga msichana wa kwaya aliyepata mimba. Tulimwita, tukamweka kwenye kiti katikati, tukamuuliza maswali ambayo leo nikiyakumbuka naona aibu. Akatolewa kwaya, asikaribie meza ya Bwana mpaka ajifungue na kutubu mbele ya usharika wote. Mkono wangu uliinuka pamoja na mingine. Huyu wa kwenye kitanda alikuwa akiimba sauti ya pili, nyuma ya yule. Aliona yote. Akajifunza kwetu kwamba kosa linaloonekana tumboni lina adhabu, na lisiloonekana halina.

Tafadhali lisikieni hilo mliomo kwenye mabaraza. Aliyebeba mimba tulimtenga. Angeitoa kimya kimya, Jumapili ile ile angekuwa amevaa joho lake anaimba. Sisi tunaohubiri uhai ndio tuliopanga bei hizo.

Serikali nayo ilikuwa na mtindo huo, msichana akipata mimba shule imekwisha. Novemba 2021 ukatoka waraka wa kuwaruhusu kurudi darasani. Nakumbuka siku hiyo nilijiuliza: Wizara ya Elimu imetutangulia kwenye rehema? Halafu sisi tunaimba nini?

Mtasema nidhamu ya kanisa ni ya kale. Ni kweli, na hiyo ya kale nimeisoma. Mwaka 314 maaskofu walikutana Ancyra, ambayo leo ni Ankara ya Uturuki. Kanuni yao ya 21 inahusu wanawake wanaoua walichokichukua mimba. Inasema kanuni ya zamani iliwafungia nje mpaka saa ya kufa, lakini wao, wakitaka kulegeza kidogo, wanaweka miaka kumi ya toba kwa hatua. Miaka kumi ni mingi, mimi nisingeiweka. Lakini tazameni walikogeukia. Na mwaka 2016 Papa Fransisko aliwapa mapadri wote ruhusa ya kudumu ya kuwaondolea dhambi hiyo wanaoitubu.

Sasa Hajiri. Mwanzo 16: mjakazi, ana mimba asiyoiomba, ya bwana wa nyumba, Sarai, bibi wa nyumba, anamtesa, anakimbilia jangwani. Malaika anamkuta kwenye chemchemi, na jambo la kwanza analofanya ni kumwita kwa jina lake. Sarai na Abramu katika sura hiyo hawalitaji hata mara moja, kwao ni "mjakazi". Kisha anamuuliza: unatoka wapi, nawe unakwenda wapi? Ni kweli anamrudisha kwa Sarai, na hapo mimi nina ugomvi na sura hiyo ambao sijaumaliza. Lakini swali lile la kwanza sisi barazani hatukuliuliza. Tuliuliza "na nani?" na "mara ngapi?"

Yule binti alipona. Nilimwandikia kwenye faili mambo ya kitabibu tu, na wazee sikuwaambia, maana huo ndio wajibu wa muuguzi. Atakayefika na damu atibiwe kwanza, siku yoyote, hospitali yoyote. KCMC pale juu ilifunguliwa mwaka 1971 na Shirika la Msamaria Mwema, na Msamaria hakumuuliza majeruhi alikuwa anafanya nini kwenye njia ya Yeriko.

Wiki iliyopita, nikijiandaa kwa leo, niliomba kile kitabu chetu cha zamani cha waliotengwa. Nilisoma kurasa mpaka macho yakauma. Majina ya mabinti yamejaa, kwa mwandiko mzuri wa makatibu wetu, mmoja wao mimi. Nikatafuta baba wa mimba zile. Niliwapata wawili.

Naona mzee pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja kitabu. Karibu baba, simama tukusikie. Chai itasubiri.