Moto wa Majivuni: Kumngoja Bwana Siku za Kazi

(Mhadhara uliotolewa usharikani, Mbeya, Jumatano jioni ya juma la kwanza la Majilio)

Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Kaeni, kaeni tafadhali. Najua wengine mmetoka sokoni moja kwa moja, na mvua ya leo haikumhurumia mtu. Mchungaji amenipa dakika arobaini. Mke wangu, yule pale nyuma, amenipa thelathini, na mimi narudi nyumbani na mke wangu.

Nianzie jikoni kwa mama. Baba alikuwa dereva wa lori, Mbeya kwenda Dar es Salaam na kurudi, miaka ya themanini mwanzoni. Wa rika langu mnaikumbuka miaka ile: dizeli ya foleni, tairi za kuazimana, sabuni ya kukatiwa kipande. Simu nyumbani hatuna. Baba akiondoka Jumatatu anaweza kurudi Alhamisi, anaweza pia kurudi Jumanne ya juma la pili kwa sababu lori limelala Kitonga na spea inatafutwa Iringa. Mama hana pa kuuliza.

Basi kila usiku, akishaivisha, anapakua cha baba kwanza. Bakuli la bati lenye maua mekundu, juu yake sahani, juu ya sahani jiwe dogo kwa ajili ya paka. Baba asipofika, asubuhi sisi watoto tunagawana kiporo. Nakiri mbele yenu kwamba ziko siku tulitamani achelewe, maana kipande chake cha nyama hakikuwa saizi ya vyetu.

Halafu moto. Hapo ndipo napataka. Mama anachukua kinga cha mti mgumu, anakisukuma katikati ya mafiga, anakifukia kwa majivu mpaka usione hata cheche. Ukiingia jikoni saa sita usiku utaapa kwamba moto umezimika. Saa nane honi ikilia kule barabarani, mama anafukua kwa kijiti, anapuliza mara tatu, mara nne, na moto huo hapo. Maji yanachemka kabla baba hajamaliza kuongea na utingo wake.

Na mama alikuwa analala. Naomba mlisikie hilo. Alilala kabisa, na kukoroma alikoroma, kwa sababu alfajiri kulikuwa na shamba la viazi linamsubiri Uyole. Hakukaa dirishani akihesabu taa za magari. Lakini sikumbuki usiku hata mmoja baba alipofika akakuta jiko baridi.

Sasa tufungue Marko 13, mstari wa 34. Bwana Yesu anasema habari ya mtu mwenye kusafiri, ameiacha nyumba yake, amewapa watumwa wake amri, "na kila mtu na kazi yake", naye amemwamuru bawabu akeshe. Tunaposoma hapa tunamkimbilia bawabu. Tunataka wote tuwe mabawabu, tusimame getini na tochi. Ile "kila mtu na kazi yake" tunairuka. Mpishi ameachiwa jiko, mchungaji wa mbuzi ameachiwa mbuzi. Bwana akirudi akimkuta mpishi getini anachungulia barabara huku chakula kinaungua, atampongeza kwa kukesha? Mimi nadhani atauliza harufu ile ni ya nini.

Mstari wa 35 unataja zamu nne, kama Warumi walivyougawa usiku: "ni jioni, au kwamba ni usiku wa manane, au awikapo jogoo, au asubuhi." Nilisoma maneno haya miaka na miaka kama orodha tu ya saa. Siku moja nikaendelea mpaka sura ya 14 bila kusimama, nikashtuka. Ilipokuwa jioni, Yesu anaketi mezani na wale Thenashara, wanafunzi wake kumi na wawili, na mmoja wao, Yuda, tayari amekwisha kupanga bei ya kumsaliti. Usiku umekuwa mwingi, wako Gethsemane, naye anamwuliza Petro, "Simoni, je! Umelala? Hukuweza kukesha saa moja?" Jogoo anawika, na Petro yule yule yuko uani anaota moto wa watu wengine, anaapa hamjui mtu huyu. Asubuhi, sura ya 15 mstari wa kwanza, wanamfunga na kumpeleka kwa Pilato, na wanafunzi hawaonekani. Zamu nne, na zamu zote nne walishindwa.

Na angalieni zamu zenyewe zilikuwa nini. Mawingu hayakupasuka wala parapanda haikulia. Mtihani wa jioni ulikuwa chakula na fedha. Ule wa usiku wa manane ulikuwa rafiki mwenye huzuni anayeomba ukae naye kidogo. Wa jogoo ulikuwa swali la kijakazi tu: wewe si ulikuwa naye? Petro alikuwa na upanga tayari kwa ajili ya vita kubwa, akaangushwa na mfanyakazi wa ndani. Mimi huwa najiuliza kama Bwana hakuwa anatuambia hivi: mnaulizia siku ya mwisho, nanyi usiku huu wa leo hamuuwezi?

Tuje kwenye neno lenyewe, kukesha. Kanisani kwetu neno hili limegeuka ratiba. "Ijumaa kuna mkesha," maana yake spika, kinanda, na majirani wasio Wakristo kuhama kwa usiku mmoja. Sipingi mkesha. Mimi mwenyewe Bwana alinishika kwenye mkesha, nikiwa kijana niliyefuata kwaya kwa sababu ya msichana wa sauti ya kwanza. (Hapana, siye yule pale nyuma. Yule alikuja baadaye.) Lakini namjua mtu, na nikisema namjua mnaweza kukisia ni nani, aliyetoka mkeshani saa kumi na moja alfajiri macho mekundu, akafika nyumbani akakuta chai imepoa, akamtukana mkewe mbele ya watoto. Usiku kucha macho alikuwa nayo. Jogoo alipowika alikuwa amelala fofofo.

Wale wanawali kumi wa Mathayo 25 tumewahubiri vibaya, na mimi nimo. Tunasema watano walikesha, watano walilala. Someni mstari wa 5: "Hata bwana arusi alipokawia, wote wakasinzia wakalala usingizi." Wote. Wenye busara nao walikoroma kama mama yangu. Tofauti ilikuwa kwenye chombo cha mafuta, na mafuta yalitiwa mchana, watu wakiwa macho, maduka yakiwa wazi. Kwa hiyo dada yangu muuguzi unayetoka zamu ya usiku ukasinzia katikati ya Baba Yetu, usijihukumu. Na wewe mwenye mtoto mchanga, ambaye hujasoma Neno kwa utulivu tangu Pasaka, Bwana anajua usingizi ni nini. Mwenyewe alilala mashuani mpaka wakamwamsha.

Sehemu inayofuata ni nzito, nitaipita haraka lakini sitairuka. Watu wamechoka kungoja bila tarehe, wakajitengenezea tarehe. Kule Marekani palikuwa na mkulima mmoja aitwaye William Miller, msomaji hodari wa Danieli, na wafuasi wake wakaishika tarehe 22 Oktoba 1844. Wengine waliacha mazao shambani bila kuvuna. Utavuna ya nini na Bwana anakuja? Tarehe 23 jua likachomoza kama kawaida. Siwacheki. Kutokana na machozi yale baadhi walirudi kwenye Maandiko upya, na humo wakatokea ndugu zetu Wasabato, waliofika Upare mwaka 1903. Hao bado wanamngoja Bwana, na wakati wakingoja wamejenga shule na hospitali. Huo naujua ni ungojaji.

Lakini hapa kwa majirani zetu mambo yaliishia pengine. Kanungu, Uganda: kikundi kilichotabiri mwisho wa dunia mwaka 1999 ukiisha. Watu wakauza ng'ombe, wakauza mashamba. Mwaka 2000 ukaingia bila kitu. Tarehe 17 Machi kanisa lao likateketea na watu ndani, mamia, na watoto wakiwemo. Shakahola, kaunti ya Kilifi, Kenya, mwaka 2023: watu waliambiwa wafunge wasile, wafe wakakutane na Yesu. Miili zaidi ya mia nne imefukuliwa msituni. Wale waliokufa hawakuwa watu wasiompenda Mungu, na hilo ndilo linaloniuma. Walimpenda, mtu akachukua upendo huo akaupa tarehe na njaa.

Bwana alisema siku ile hakuna aijuaye, hata malaika, wala Mwana, ila Baba peke yake. Mtu akikuletea tarehe anadai kujua alichosema Mwana hakijui. Usibishane naye sana. Mwulize kama amelipa ada ya watoto. Ugonjwa huu si mpya: Wathesalonike walisikia Bwana yu karibu, baadhi yao wakaacha kazi wakawa wanazunguka nyumba kwa nyumba kudodosa ya watu. Paulo hakuwaandikia hesabu za unabii. Aliwaandikia, "ikiwa mtu hataki kufanya kazi, basi, asile chakula." Dawa ya homa ya siku za mwisho, kwa Paulo, ilikuwa jembe.

Yako pia mambo ya kututia moyo, na sisi Wamoravian yametoka kwetu. Herrnhut, Ujerumani, Agosti 1727. Kijiji cha wakimbizi wa imani ambao muda mfupi tu nyuma walikuwa wanagombana kama jumuiya nyingine ninazozijua. Wakagawana saa ishirini na nne za siku, kila mmoja saa yake ya maombi, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake. Mnyororo ule ulidumu kama miaka mia moja. Sasa tazameni walivyofanya kwa akili. Hakuna aliyekesha siku nzima. Unasali saa yako, unarudi kwenye kazi yako, mwenzako anapokea. Mwaka uliofuata wakaanza kupeleka neno moja la Maandiko kila siku, linapita nyumba kwa nyumba kama kaa la moto linaloombwa kwa jirani. Tangu 1731 likachapishwa kitabu, na mpaka leo linachapishwa kila mwaka. Na mwaka 1732 wakatoka watu wawili kwenda kisiwa cha St. Thomas, kwa watumwa wa mashamba ya miwa. Mmoja mfinyanzi, Leonhard Dober. Mwingine seremala, David Nitschmann. Waliomngoja Bwana kwa zamu ndio walioondoka na patasi mkononi. Kwa njia hiyo hiyo, mwaka 1891, wakafika hapa Rungwe kwetu.

Mtaniuliza, mzee, Alhamisi asubuhi tufanye nini? Naweza kuwapa mfano mmoja tu, wa mama mmoja mweka hazina wa kikoba hapa mjini. Ameniruhusu nimseme bila jina. Ana daftari la kaunta lenye jalada jeusi, na kila jioni, kabla hajafunga genge, anahesabu fedha ya watu na kuandika, hata kama iliyoingia ni elfu mbili. Nikamwuliza, kikao si mwisho wa mwezi? Akasema, "Baba, mwenyekiti wetu ana tabia ya kupita tu." Akacheka. Kisha akaniambia kwamba mwaka mmoja nyuma alikopa humo kimyakimya, elfu arobaini, mtoto alikuwa mgonjwa, akarudisha baada ya majuma matatu na hakuna aliyejua. Majuma yale matatu, akisikia hodi tu, tumbo linakatika. Tangu hapo anaandika kila jioni.

Mimi nimesoma vitabu kadhaa juu ya kurudi kwa Kristo. Sijaona palipofafanuliwa vizuri kuliko lile tumbo linalokatika kwa hodi. Kila mmoja wetu ana hodi anayoiogopa. Kwako ni deni la duka ulilolipita kwa njia ya nyuma. Kwa mwingine ni meseji ya ndugu yake ambayo ina tiki mbili za bluu tangu msiba wa baba yao, na hajaijibu, na kiwanja bado wanakigombea. Kwa yule ni muamala ulioingia kimakosa kwenye simu yake akanyamaza. Kwa mwingine ni fungu la nyanya alilomwuzia mtu, nzuri zikiwa juu, zilizooza zikiwa chini. Wanawake wawili watakuwa wakisaga, anasema Bwana, mmoja atwaliwa, mmoja aachwa. Jiwe ni lile lile na unga ule ule. Ukiwapiga picha huwezi kumjua yupi anangoja.

Naona saa. Nimalizie kwa mstari ulionisumbua ujana wangu wote, Luka 12:37. "Heri watumwa wale, ambao bwana wao ajapo atawakuta wanakesha. Amin, nawaambieni, atajifunga na kuwakaribisha chakulani, atakuja na kuwahudumia." Bwana wa namna gani huyo? Katoka safari, miguu imevimba, halafu yeye ndiye anayepakua? Wazee wa kwetu hawafanyi hivyo. Niliudhani mstari wa kuvutia tu.

Mpaka nikakumbuka usiku mmoja. Malaria ilikuwa imemshika mama siku ya tatu, anatetemeka chini ya mablanketi mawili. Jioni ile alijikokota hata hivyo mpaka jikoni, akafukia kinga, akafunika bakuli. Honi ikalia. Mama akajaribu kuinuka, hakuweza. Baba akaingia na vumbi lake la Mikumi, akamwangalia, hakusema neno. Akachukua kanga ya mama iliyokuwa kwenye kamba, akajifunga kiunoni juu ya suruali ya kazi, akaenda jikoni akafukua moto, akakoroga uji. Sisi watoto tulikuwa tunachungulia mlangoni, tumezibana midomo kwa viganja. Baba na kanga! Akamletea kikombe, akakaa chini, akawa anampulizia.