Uzi Mfupi Juu, Uzi Mrefu Kwapani: Mhadhara kuhusu Saratani ya Titi Iliyo Bado Ndani ya Mfereji

Madaktari wenzangu, ndugu wauguzi, wataalamu wa eksirei na maabara, umbo la titi mnalijua, sitaanzia huko. Nakwenda moja kwa moja kwenye ugonjwa ambao majibu ya maabara huuandika DCIS (kwa Kiingereza ductal carcinoma in situ, saratani iliyo bado ndani ya mfereji), hatua sifuri. Seli zimekwisha kuwa saratani na zimejaa ndani ya mfereji wa maziwa, ila hazijatoboa utando unaouzunguka. Hapo ndipo penye nafasi kubwa kabisa ya kumponya mama, na hapo hapo ndipo tunapoharibu kwa mambo ya uzi na ndoo.

Mara nyingi hakuna uvimbe. Ukipapasa hupati kitu. Kinachoonekana ni punje za chokaa kwenye mamografia (eksirei ya titi), ndogo kama chembe za chumvi, zimejipanga mstari au zimechanua kama matawi. Zinajipanga hivyo kwa sababu zinafuata mfereji: seli za katikati hukosa oksijeni, hufa, na mabaki yake hushika chokaa. Ultrasaundi kwa kawaida haizioni punje hizo. Basi usimwambie mama "ultrasaundi yako ni safi, nenda nyumbani" ilhali picha ya mamografia iko mezani na ina punje. Mrudishe, zikuzwe kwa picha ya karibu, kisha achukuliwe kinyama cha kupimwa maabara.

Najua kuna anayesema moyoni: wagonjwa wetu huja titi limeshapasuka kidonda, hatua sifuri tutaiona wapi? Ni kweli, wengi katika Afrika Mashariki huja wamechelewa, na jambo hilo linaumiza. Lakini mashine za mamografia zipo mijini, na kila mwaka kuna wanawake wanaopimwa wakiwa hawaumwi. Tukiwapata mapema halafu tukawapoteza mikononi mwetu, tutamlaumu nani?

Kinyama kichukuliwe kwa sindano nene, geji 14 (geji ni kipimo cha unene, namba ikipungua sindano ni nene zaidi), au ile ya kuvuta ya geji 9 hadi 11, ikiongozwa na mamografia yenyewe. Sindano nyembamba haitoshi. Inaleta seli zilizotawanyika, na mpatholojia, daktari anayesoma nyama kwa darubini, hawezi kukuambia kama zimetoboa utando au la, maana utando wenyewe hukumletea. Kabla mama hajashuka mezani, piga eksirei vile vinyama. Kama punje hazimo, hujapata kitu, rudia. Kisha acha klipu ndogo pale ulipochukua, kwa sababu sindano ya kuvuta inaweza kuondoa punje zote na daktari wa upasuaji akakosa alama. Na jibu likisema DCIS, mweleze mama kwamba ni la muda: takriban mmoja kati ya watano, sehemu yote ikishatolewa, hukutwa na mahali ambapo seli zimekwisha kupenya.

Sasa chumba cha upasuaji, na hapa nitakaa. Daktari anaongozwa na waya uliowekwa siku hiyo kwa mamografia, anakata sehemu, anainua mkononi. Inaonekana kama mafuta ya kawaida. Ugonjwa huu hauonekani kwa jicho wala haushikiki kwa kidole, kwa hiyo swali la kama umeisha au umebaki linajibiwa na ukingo tu, yaani mpaka wa kipande kilichokatwa, chini ya darubini. Na ukingo hauna maana kama hatujui ni wa upande gani.

Ndiyo maana nyuzi zifungwe kabla nyama haijatoka kabisa titini: uzi mfupi juu, uzi mrefu upande wa kwapa. Iandikwe kwenye fomu hivyo hivyo, pamoja na titi la kulia au kushoto. Mpatholojia atapaka wino wa rangi kila upande, apime. Ukingo safi wa milimita 2 ndio unaotakiwa kama titi linabaki na mionzi itafuata. Akiandika "ukingo wa chini, milimita 0", daktari anarudi kukata chini peke yake. Bila nyuzi ataandika "ukingo mmoja umeguswa", na hapo mama anakatwa pande zote sita, au anapoteza titi zima. Titi zima, kwa sentimita chache za uzi!

Tena kipande kipigwe eksirei mama akiwa bado kwenye usingizi. Punje zikigusa kingo, ongeza kukata hapo hapo.

Halafu ndoo ya fomalini, dawa inayohifadhi nyama isioze. Fomalini ya asilimia 10 maana yake ni sehemu moja ya fomalini ya dukani na sehemu tisa za maji yenye bafa (chumvi za kuzuia asidi), si makisio ya macho. Ujazo wake uwe mara kumi ya nyama. Nyama iingie ndani ya saa moja, ikae saa 6 hadi 72. Fomalini hupenya polepole, kama milimita moja kwa saa. Titi zima lililotupwa ndooni bila kukatwa vipande huoza katikati huku nje likionekana zuri, kisha kipimo cha vipokezi vya estrojeni, vinavyoonyesha kama seli hukuzwa na homoni hiyo, kinatoka hasi cha uongo na mama ananyimwa dawa. Glovu si chombo, wala shashi yenye maji ya chumvi ya kungojea dereva wa kesho.

Muda unanibana, kwa hiyo yaliyobaki kwa haraka. Kemo haihitajiki. Tezi ya kwanza ya kwapani, ile inayopokea majimaji ya titi kabla ya nyingine, ipimwe kama titi zima linatolewa, kwa sababu baadaye njia ya kuipata huwa imekwisha kukatwa. Kama titi linabaki, kwa kawaida iacheni. Mionzi baada ya kuondoa sehemu hupunguza kwa nusu hivi ugonjwa kurudi kwenye titi lile, na takriban nusu ya unaorudi huwa umekwisha kupenya. Haijaonyesha kuongeza umri wa kuishi, kwa hiyo mwelezeni mama yote mawili aamue. Tamoksifeni, dawa inayozuia estrojeni, ni kwa wenye vipokezi hivyo, miligramu 20 kwa miaka 5. Kipimo cha miligramu 5 kwa miaka 3 nacho kimejaribiwa na kikafaa. Ulizeni kwanza kuhusu damu kuganda miguuni, maana dawa hii huongeza hatari hiyo. Mamografia ya kwanza ni miezi 6 hadi 12 baada ya matibabu, kisha kila mwaka, matiti yote yaliyobaki, na picha za zamani ziletwe ziwekwe kando ya mpya.