Gugu Linaanzia Kwenye Lundo

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tunazungumzia ardhi iliyochimbwa madini, mashimo yakafukiwa, ikasawazishwa na kupandwa majani. Misimu miwili baadaye unarudi, unakuta gugu karoti limetanda kila upande.

KOMBO: Hapo jibu langu ni jepesi, dada. Bomba la dawa mgongoni, unapiga, unakwenda zako.

REHEMA: Nilijua utaanzia hapo. Haya, umepiga, gugu limekauka. Chini yake pamebaki nini?

KOMBO: Udongo mtupu.

REHEMA: Basi umeliandalia kitalu. Mche mmoja wa gugu karoti unaweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000, nyepesi, zinazosafiri kwa maji, kwa upepo na kwa tope la matairi. Udongo mtupu ndio zinaoutafuta.

KOMBO: Lakini hata shamba la kawaida lina magugu. Ardhi ya mgodi ina nini cha pekee?

REHEMA: Ina lundo. Kabla ya kuchimba, udongo wa juu hukwanguliwa na kurundikwa pembeni, na huko unaweza kukaa miaka. Kina cha lundo kikizidi, hewa ndani inakuwa haba, kuvu wanaosaidia mizizi wanapungua, na mbegu nyingi za mimea ya asili zinakufa. Huku juu, jua lipo na mshindani hayupo. Gugu linaota, linachanua, linapukutisha mbegu, msimu hadi msimu. Siku ya kuurudisha udongo, unasambaza nini?

KOMBO: Mbegu za gugu! Tena kwa katapila, na mafuta nimenunua mwenyewe.

REHEMA: Ndiyo maana mimi ninalilia lundo kuliko bomba. Kama ratiba inaruhusu, udongo uchukuliwe panapofunguliwa leo, ukamwagwe moja kwa moja panapofukiwa leo, bila kurundikwa. Isipowezekana, lundo liwe fupi, na lifunikwe mapema kwa nyasi zinazoota haraka. Lipaliliwe pia. Watu hupalilia kila mahali isipokuwa kwenye lundo.

KOMBO: Nadhani ni kwa sababu lundo halionekani kama shamba. Linaonekana kama kifusi tu, hakuna anayejiona mwenye nalo.

REHEMA: Halafu mitambo ikishaurudisha ule udongo, inaukanyaga mpaka unakuwa kama sakafu. Mizizi ya mimea ya asili inashindwa kupenya, lakini gugu la mwaka mmoja halihitaji kina. Linakula pale juu juu, linazaa, limemaliza. Kwa hiyo udongo uchimbuliwe kwanza, ndipo upande.

KOMBO: Tena niweke mbolea ya kutosha ili majani yangu yapate nguvu.

REHEMA: Taratibu! Naitrojeni nyingi hufaidiwa kwanza na magugu, maana ndiyo yenye mbio. Mimea mingi ya asili imezoea udongo maskini na inakua polepole. Unaweza ukanunua mbolea ukidhani unamlisha mwenyeji, kumbe unamnenepesha mgeni.

KOMBO: Hiyo imeniuma, niliwahi kuifanya. Haya, tuseme gugu limeshaingia. Sasa nipewe bomba langu?

REHEMA: Chukua, lakini ujue unapiga nini na lini. Gugu karoti lipigwe au ling'olewe kabla halijachanua. Anayeng'oa avae glovu na barakoa, maana linawasha ngozi na linaweza kuchochea pumu. Gugu lenye mizizi ya kudumu ni habari nyingine. Liko moja, Euphorbia esula, jamii moja na mnyaa, lina utomvu mweupe. Asili yake ni Ulaya na Asia, nalo limesumbua sana malisho ya Amerika Kaskazini. Mizizi yake inaweza kushuka zaidi ya mita 4, na tunda lake likikauka linapasuka na kurusha mbegu mita kadhaa.

KOMBO: Hilo ukilikata kichwa linakucheka.

REHEMA: Linachipua tena kutoka mzizini. Huko wameleta mbawakawa wadogo wa jenasi ya Aphthona, ambao mabuu yao yanatafuna mizizi. Hawalifuti, wanalipunguza. Mbuzi na kondoo nao wanalila, ng'ombe hulikwepa.

KOMBO: Mbuzi! Hapo sasa umeongea lugha yangu.

REHEMA: Wafungiwe siku chache kabla ya kuhamishiwa eneo safi, kwa sababu mbegu nyingine hupita tumboni zikiwa hai. Na bomba lako pia lina hatari yake. Dawa kama pikloramu hubaki udongoni muda mrefu. Unaua gugu leo, mwakani unapanda jamii ya kunde, haioti, unamlaumu muuza mbegu.

KOMBO: Na kampuni ya mgodi inabanwa na nani katika haya yote? Ikishapanda si inaondoka?

REHEMA: Inategemea sheria ya nchi. Marekani wana sheria ya mwaka 1977 ya migodi ya makaa ya mawe. Kampuni huweka dhamana ya fedha, na baada ya kupanda inabaki na wajibu kwa angalau miaka 5, au 10 kwenye maeneo makavu yenye mvua ya milimita 660 hivi au chini ya hapo kwa mwaka. Ikilazimika kupanda upya, kwa kawaida hesabu ya miaka inaanza mwanzo.

KOMBO: Loo! Mwaka wa tisa gugu linakumaliza, unarudi sifuri.

REHEMA: Ndiyo hivyo. Sasa wewe, kesho asubuhi umekabidhiwa eneo. Unaanza na nini?

KOMBO: Ningesema bomba, lakini nakuona unavyonitazama. Naanza getini. Kila tingatinga lioshwe kabla halijaingia.

REHEMA: Na matandazo?

KOMBO: Nayakagua, yasije na mbegu zake. Halafu natembea kandokando ya barabara na kwenye mitaro, mvua za kwanza zikishanyesha.

REHEMA: Na lundo?

KOMBO: Dada, lundo nimekuachia wewe.